Wembe wa Upande Mmoja: Kwa Nini Mashine ya 1912 Bado Inanyoa

Kwenye kabati la bafu langu kuna mashine ndogo ya kunyolea ndevu inayomzidi baba yangu umri. Ilitengenezwa Brooklyn, New York, chapa yake ni Ever-Ready, na wakusanyaji wa vitu hivi huuita muundo wake "1912". Haina betri wala kitu cha kuzungusha. Ina kifuniko chenye bawaba kinachofunguka kama kasha la miwani: unaweka wembe, unafunga, unanyoa. Asubuhi ya leo imeninyoa vizuri kuliko mashine yoyote ya kisasa niliyowahi kununua dukani, nami nina ndevu za kipilipili ambazo kwa miaka mingi zilinijaza vipele shingoni.

Kila ninapomwonyesha mtu, swali la kwanza ni kuhusu umri wake. Swali la maana zaidi ni jingine: inakula wembe gani? "Wembe wa upande mmoja" ni jina moja linalobeba vitu visivyopungua vitano, na vitu hivyo haviingiliani. Asiyejua tofauti hununua mashine nzuri kisha asipate wembe wake, au hupata wembe unaoingia sawasawa kabisa lakini haukutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mtu. Makosa yote mawili nimeyafanya, ndiyo maana nataka tulifungue jambo hili polepole.

Mgongo wa wembe

Tuanze na tunachokijua. Nikisema mashine hapa simaanishi ile ya umeme inayoguruma saluni. Namaanisha mashine ya wembe: kichwa kinachoshika wembe, kizuizi kinachozuia makali yasizame kwenye ngozi, na mpini. Na wembe tunaoujua wengi wetu ni ule wa pande mbili, mwembamba kama karatasi, unaouzwa hata mmoja mmoja dukani ukiwa ndani ya karatasi yake. Unene wake ni milimita 0.1 hivi. Vinyozi wengine huuvunja katikati kwa urefu, karatasi ikiwa bado juu yake, wakachomeka nusu moja kwenye kishikio kinachokunjwa kama kisu cha mfukoni. Nusu hiyo nayo ina makali upande mmoja, lakini siyo tunayoizungumzia. Ni chuma kilekile chembamba, kimegawanywa tu.

Wembe wa Ever-Ready yangu ni kitu kingine. Una urefu wa sentimita 4 kasoro kidogo na makali upande mmoja. Upande wa pili umevishwa ukanda wa chuma uliokunjwa na kuubana kwa nguvu, kama pindo la shuka. Huo ndio mgongo wake. Unene wa bamba lenyewe ni milimita 0.23. Unaweza kuushika kwa mgongo, ukaugeuza, ukaupitisha kwenye bomba, na vidole vyako visikaribie makali hata kidogo. Wembe wa pande mbili haukupi nafasi hiyo.

Tofauti kati ya 0.1 na 0.23 inaonekana ndogo, ila bamba la chuma halihesabiwi hivyo. Ukiongeza unene wake mara mbili, ugumu wake wa kupinda hauongezeki mara mbili bali mara nane, kwa kuwa unaenda na unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu. Piga hesabu ya 2.3 × 2.3 × 2.3 utapata zaidi ya 12. Kwa hiyo bamba la wembe huu, bila msaada wa kitu kingine chochote, linakataa kupinda zaidi ya mara 12 kuliko lile la wembe mwembamba.

Waliobuni mashine za wembe mwembamba walilijua tatizo hilo, nao walilitatua kwa akili kubwa: waliupinda wembe. Ukikaza mashine ya pande mbili, kichwa chake huukandamiza wembe ukawa na mgongo wa upinde. Fikiria bati la paa. Bati bapa ukilishika kwa ncha linapepea. Likipewa migongo, fundi anatembea juu yake. Wembe mwembamba unategemea umbo, wembe mnene unategemea unene. Njia zote mbili zinafanya kazi, na sitamdharau anayenyoa kwa ya kwanza. Lakini makali ya wembe mwembamba hutokeza nje ya sehemu iliyobanwa, na hapo yanapokutana na udevu mnene uliojikunja, yanaweza kutetemeka. Mtu huusikia mtetemo huo kama kukwaruzwa, na jioni huuona kama wekundu shingoni. Wembe mnene hautetemeki kirahisi. Unaenda ulikoelekezwa, kwa uzuri na kwa ubaya, maana ukiuelekeza vibaya unaenda vibaya vilevile.

Uliotangulia ni upi?

Wengi hudhani wembe wa upande mmoja ulikuja baadaye, kama njia ya kubana matumizi. Ni kinyume. Wembe wa asili, ule mrefu unaokunjwa kwenye mpini wake, ni wa upande mmoja, na mashine za mwanzo zilikuwa ni majaribio ya kuufanya usimkate mwenyewe. Huko Ufaransa katika karne ya 18, fundi wa visu Jean-Jacques Perret aliuvisha wembe kinga ya mbao. Mwaka 1847 Mwingereza William Henson akapata hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi, ya wembe uliokaa kwenye mpini kama jembe, umbo ambalo mashine zote za mkono zinalo mpaka leo. Kisha mwaka 1880 ndugu wa familia ya Kampfe, wahamiaji wa Kijerumani waliokuwa New York, wakasajili mashine waliyoiita Star. Ndani yake kulikuwa na kipande kifupi cha wembe wa asili, kilichofuliwa kikawa kinene mgongoni na chembamba makalini kama kabari. Chini ya kichwa kulikuwa na kikombe cha kukusanya povu.

Star iliwaondolea watu hofu ya kujikata koo. Haikuwaondolea kazi ya kunoa. Kila siku wembe ule ulitakiwa kupitishwa kwenye ukanda wa ngozi, na kila baada ya muda kwenye kinoo.

Hapo ndipo anapoingia King Camp Gillette. Alikuwa mchuuzi wa kampuni ya vizibo vya chupa, na mwaka 1895 akapata wazo la wembe unaotumika ukatupwa, sawa na kizibo. Wazo lilikuwa jepesi kuliko utekelezaji. Hakuna aliyejua namna ya kuufanya ukanda wa chuma mwembamba kiasi hicho uwe mgumu bila kujikunja, mpaka mhandisi William Nickerson alipopata njia. Mwaka 1903 waliuza mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata waliuza mashine 90,884, na tarehe 15 Novemba 1904 hataza ikatoka.

Hataza ile ililinda wembe mwembamba unaopindika wenye makali pande mbili. Washindani wakabaki na njia ya Kampfe, ila nao wakaikubali nusu ya wazo la Gillette: wembe wa kutupa. Badala ya kabari iliyofuliwa, walichukua bamba la chuma, wakalinoa upande mmoja, wakalivisha mgongo ili likae imara katika fremu. Ndivyo ulivyozaliwa wembe wa aina ya Gem, chapa ndugu ya Ever-Ready. Seti ya kwanza ya Gillette iliuzwa dola 5. Ever-Ready ilitangazwa kwa dola 1, pamoja na nyembe zake. Kwa hiyo kwa Mmarekani wa kipato cha chini wa wakati ule, mashine ya upande mmoja ilikuwa ndiyo mlango wa kunyoa nyumbani.

(Kuna mkanganyiko mdogo wa majina hapa unaowasumbua wasomaji wa historia hii. Kampuni ya Gillette ilipoanzishwa mwaka 1901 iliitwa American Safety Razor, kabla ya kuchukua jina la mwanzilishi wake. Jina hilohilo baadaye likatumiwa na kampuni ya Ever-Ready ya Brooklyn, ambayo kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imeziweka Gem, Ever-Ready na Star chini ya paa moja. Ni kampuni mbili tofauti, tena zilizoshindana.)

Kilichoamua mshindi hakikuwa unyoaji peke yake. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali yake iliagiza kwa Gillette mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari, na askari wale walirudi makwao na mazoea mapya. Mwaka 1921 hataza ya Gillette ikaisha, na tangu hapo kiwanda chochote duniani kikawa huru kutengeneza wembe wa pande mbili wenye tundu katikati. Wembe huo ni mwepesi, unatumia chuma kidogo, na mmoja unakupa makali mara mbili. Ndio uliofika Zanzibar, Mombasa, Bujumbura na kila duka la kona. Wembe wa Gem ulibaki Marekani zaidi, na waliouthamini waliendelea kuuboresha. Mwaka 1930 ikatoka Gem Micromatic, ambayo ukizungusha kitasa kilicho mwisho wa mpini kichwa kinafunguka chenyewe. Matoleo yake ya mwanzo yana meno kama kitana mbele ya wembe, nayo ni makali kweli. Yaliyofuata yana kizuizi kilichonyooka na ni mapole zaidi kwa mtu anayejifunza.

Ndugu wasioingiliana

Sasa turudi kwenye swali la wembe gani, maana ndilo linalowagharimu watu fedha.

Mashine yenye jina Gem au Ever-Ready, na nyingi zilizoziiga, hula wembe wenye mgongo niliouelezea. Huu ndio upande salama wa kununua, kwani nyembe zake bado zinatengenezwa katika mji wa Verona, jimbo la Virginia, huko Marekani, kwenye kiwanda kilichorithi kazi ya American Safety Razor. Haziendelei kutengenezwa kwa sababu ya sisi tunaonyoa nazo. Wembe wenye mgongo unapendwa na mafundi wa rangi, wa vioo, watu wa maabara na viwanda vya kila namna, kwa sababu ni mgumu na unashikika. Kazi ya kukwangua gundi na rangi ndiyo imeuweka hai wembe wa kunyolea.

Na hapo ndipo ulipo mtego. Wembe wa kukwangulia na wembe wa kunyolea ni wa vipimo vilevile. Ukiuweka wa kukwangulia kwenye Ever-Ready, kifuniko kinafunga bila malalamiko. Tofauti iko mahali ambapo jicho halifiki: makali ya ule wa kukwangulia yamenolewa kwa ajili ya kioo, na mara nyingi ni chuma cha kaboni kitupu. Wembe wa kunyolea hunolewa kwa hatua zaidi, hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, na makali yake hupakwa PTFE, kitu kilekile kinachopakwa kwenye kikaango kisichoganda chakula. Bila utando huo makali hukwama kwenye udevu badala ya kupita. Mimi niliona paketi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bei rahisi, nikafurahi. Kesho yake nilikwenda kazini na plasta mbili kwenye taya. Kwa hiyo soma paketi: lazima iseme kwamba ni ya kunyolea, na itaje PTFE.

Ndugu wa pili ni Schick. Jacob Schick alikuwa mwanajeshi wa Marekani, na mashine yake ya 1926 ilifuata wazo la bunduki ya risasi nyingi: nyembe zinakaa kwenye ghala, unasukuma, mpya inaingia na ya zamani inatoka upande wa pili bila mkono kuigusa. Baadaye ghala likahamia kwenye kijisanduku cha pembeni kinachochomekwa kichwani mwa mashine. Wembe wake ni mwembamba kwa upana, mnene kwa bamba, hauna mgongo. Hauingii kwenye Gem hata ukiulazimisha, na wa Gem hauingii kwake. Nyembe hizi pia bado zinatengenezwa, na kwa mtu mwenye mikono inayotetemeka au macho yaliyofifia, sijaona mashine ya wembe ya zamani inayobadilishwa kwa usalama zaidi.

AutoStrop, ambayo wengi huiita Valet, ni kazi ya Henry Gaisman. Unapitisha ukanda wa ngozi ndani ya kichwa cha mashine, unavuta huku na huku, na wembe unajinoa ukiwa mlemle ndani. Nimewahi kuwaonyesha wageni na wote waliniomba nirudie. Gaisman aliibana Gillette kwa hataza kiasi kwamba mwaka 1930 kampuni hizo mbili ziliungana. Ni mashine nzuri, lakini wembe wake ni wa aina yake peke yake, na anayeutafuta leo huishia kuagiza ule wa Feather kutoka Japani. Hii ndiyo niliyoinunua mimi kwa mtu aliyenihakikishia kwamba "inatumia wembe wa kawaida". Ilikaa miezi mezani ikiwa pambo.

Rolls Razor ya Uingereza ni kasha la chuma lenye kinoo kwenye kifuniko kimoja na ngozi kwenye kingine. Wembe wake haukukusudiwa kutupwa, unanolewa humohumo kwa kusukuma mpini kwa mlio wa aina yake. Kampuni yenyewe iliishia kuuza mashine za kufulia nguo, ikaanguka mwaka 1964. Anayenunua Rolls ananunua pia wajibu wa kunoa, na ndivyo ilivyo kwa Star na mashine nyingine za wembe wa kabari. Kwa anayeanza, sizishauri.

Kabla hujaiweka usoni

Mashine ya zamani ikifika mikononi mwako, iweke wembe, ifunge, kisha iinue uitazame kwenye mwanga ukiwa umeielekeza uso kwa uso. Kati ya makali na kizuizi kuna mwanya. Mwanya huo lazima uwe sawa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiwa mpana kushoto na mwembamba kulia, kuna kitu kimechoka. Katika Gem na Ever-Ready, kila pembe ya mbele ina kijino kidogo kinachouzuia wembe usitokeze kupita kiasi, na nyuma kuna springi inayousukuma mgongo mpaka makali yakutane na vijino hivyo. Kijino kimoja kikilika au kikivunjika, wembe unakaa upogo. Mashine ya namna hiyo usinyolee, hata kama inang'aa kama mpya. Nikeli iliyochubuka haina madhara. Kijino kilichovunjika kina madhara.

Kuisafisha ni kazi ya subira. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani, na muda. Povu la watu waliokufa zamani limeganda humo ndani, na litatoka. Tafadhali usitumie stiliwaya, na usitumie limao na majivu tunavyosugulia masufuria, kwa maana juu ya shaba ya mashine hizi kuna utando mwembamba wa nikeli, fedha au dhahabu, na ukishaondoka haurudi. Mpini wa plastiki ya zamani usiuchemshe. Baada ya kukauka, ipitishie spiriti ya hospitali kuua vijidudu, na kama kitasa cha Micromatic ni kizito kuzunguka, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha.

Povu, pembe, mlio

Wazee walisema mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Tumezoea kuutumia msemo huo kwa mambo makubwa, lakini maana yake ya juujuu ni ushauri kamili wa kinyozi. Udevu mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili tatu unalainika na kukatika bila kuvutwa. Nyoa baada ya kuoga, paka povu kwa brashi au kwa vidole, na lisikauke.

Kosa la mtu aliyetoka kwenye mashine za plastiki ni kuishika hii kwa pembe ileile. Wembe hukata vizuri ukiwa umelala kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, na kichwa cha Gem kimetengenezwa ili pembe hiyo ipatikane chenyewe. Laza bapa la kichwa kwenye shavu kana kwamba unapiga pasi. Vuta kidogo kuelekea chini. Usikandamize, uzito wa shaba unatosha. Mivuto iwe mifupi, sentimita mbili tatu, na suuza kila mara.

Kisha sikiliza. Wembe mnene unaongea: ukiwa kwenye pembe sahihi unatoa mlio wa kukwangua, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali sufuriani, ila kwa sauti ya chini. Mlio ukizimika, pembe imepotea, rekebisha kabla ya kuendelea. Mimi nilijifunza kunyoa chini ya taya kwa masikio zaidi kuliko kwa kioo.

Vipele

Hili ndilo lililonifikisha kwenye mashine hizi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Ndevu za kipilipili zinakua zikiwa zimejipinda tangu ndani ya ngozi. Ukizikata, ncha inabaki na ukali wa kuchongwa. Ncha hiyo ikikua inaweza kujikunja, ikarudi na kuichoma ngozi kutoka nje, au, ikiwa ilikatwa chini ya usawa wa ngozi, ikapasua ukuta wa kitundu chake kabla hata ya kutoka. Mwili unauona udevu huo kama mwiba, unauzungushia uvimbe, na hapo una kipele. Kwa watu wa asili ya Kiafrika jambo hili ni la kawaida mno, na wengi hulichukulia kuwa ni uchafu au mzio wa sabuni.

Mashine za kisasa zenye nyembe tatu au tano zilizopangana zinazidisha tatizo hili kwa namna zinavyofanya kazi. Wembe wa kwanza unauvuta udevu nje kidogo wakati unaukata, na kabla haujarudi, unaofuata unaukata tena. Udevu uliobaki unarudi chini ya ngozi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka, huo ni ulaini. Kwetu ni mtego, kwa sababu udevu uliozama na uliojipinda hautajua njia ya kutoka. Wembe mmoja hukata mara moja, karibu na usawa wa ngozi, ukaishia hapo.

Ila wembe pekee hautoshi. Fuata unakoelekea udevu, hata kama shingoni unakua kwa kuzunguka. Usivute ngozi kwa mkono wa pili, maana kuvuta kunaufanya udevu uzame ngozi ikirudi. Usirudie kinyume. Mimi kupaka povu na kunyoa mara mbili kunanitosha, na ninakubali kuhisi vinywele kidogo nikipapasa jioni. Kama tayari shingo imejaa vipele vyenye usaha, acha kunyoa kwa wiki kadhaa kwanza. Kama ngozi yako ina tabia ya kuweka makovu yanayovimba, nenda kwa daktari wa ngozi kabla ya mashine ya aina yoyote.

Je, nakushauri uagize Gem ukiwa Morogoro au Kisumu? Inategemea. Nyembe za Gem sijawahi kuziona kwenye duka la kawaida upande wetu, na gharama ya kuziagiza inategemea unapata nani wa kukuletea. Paketi mbili tatu zinakaa mwaka, kwani wembe mmoja unaninyoa mara nne au tano, na mwenye ndugu Marekani anaweza kuomba ziletwe kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, si la mkononi. Asiye na njia hiyo anunue mashine ya pande mbili ya shaba na atumie wembe wa dukani. Kanuni za pembe, maji na kufuata udevu ni zilezile, na vipele vitapungua. Ambacho hakibadiliki kwa wembe wowote ni kwamba hauazimwi. Damu usiyoiona inabeba VVU na homa ya ini, hata kati ya baba na mwana.

Wembe wangu ukianza kuvuta badala ya kukata, hauendi kwenye takataka moja kwa moja. Nina kishikio cha plastiki cha kukwangulia, na mgongo wa Gem unaingia humo kana kwamba ulipimwa. Wiki iliyopita niliutumia kuondoa stika ya zamani kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Ukishachoka hata kwa hilo, unaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliotobolewa mwanya, juu ya kabati, mbali na watoto. Kopo hilo lina miaka minne na halijafika nusu.